Ua la Kaka Saidi

Nakumbuka asubuhi moja kule Keko, wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani, mama alipokuta majani ya ua la kaka Saidi yamedondoka dirishani. Usinicheke, mwanangu. Nyumba nzima iliingia msiba kwa ajili ya majani.

Kaka alikuwa seremala. Alipochukuliwa jeshini alituachia ua lile ndani ya kopo la maziwa, majani yake manene kama vidole vya mtoto mchanga. "Nitunzieni," alisema, basi. Habari zake hazikuja. Mama akawa analitazama ua badala ya kumtazama yeye. Likistawi, basi Saidi anakula vizuri huko aliko. Nisimwonee, sote tulikuwa hivyo.

Sasa majani yakageuka njano, yakalainika, ukiligusa shina tu yanaanguka. Mama akajitanda kanga na kumwambia baba aite watu, Saidi asomewe hitima. Baba alikuwa ameshavaa kofia. Hajavuka kizingiti, akaingia shangazi, dada yake, kutoka Temeke.

"Wifi, unamzika mwanao kwa ushahidi wa jani?" Akachomeka kidole koponi, kikatoka na tope. "Haya, semeni. Nani analimwagia maji?"

"Mie," mama akasema, "kidogo tu, nikimaliza kutawadha."

Baba akakohoa. "Na mie, nikirudi kazini. Tone."

Nami nilikuwa nalinywesha kila nikiosha vikombe. Kila aliyemkumbuka Saidi alimwaga maji, akidhani yuko peke yake.

"Kumbe mnalizamisha wenyewe, halafu mnalia!"

Mama akacheka. Kisha akalia kweli.

Shangazi akatoboa kopo chini kwa msumari, akatupa tope, akaweka mchanga mkavu. Yale majani yaliyoanguka yakiwa bado mazima, hakuyatupa. Aliyaacha kivulini mpaka vidonda vya yalipokatikia vikauke, akayalaza juu ya mchanga. "Msiyaguse. Maji mpaka mchanga ukauke kabisa."

"Na nikimkumbuka je?" mama akauliza.

"Mwite jina lake, wifi. Ua halina habari za vitani."

Hitima haikusomwa. Tangu hapo, jioni mama akiwa jikoni, ungesikia, "Saidi!" Baba barazani anaitikia, "Inshallah." Majani nayo yakatoa mizizi myembamba kama nyuzi, kisha vichwa vidogo vya kijani.

Vita vikaisha, wenzake wakarudi. Yeye hakurudi. Wengine walisema kafa, wengine kaonekana mji wa mbali. Sikuona kwa macho yangu, siwezi kuandika zaidi. Mama alimwita mpaka alipozeeka. Kama shangazi alifanya vema kuizuia hitima, sijui. Nimelifikiria mara nyingi. Ila najua mama alipata kumlilia mtu, si jani.

Kizazi cha ua lile kiko dirishani pangu, nami bado mkono unaniwasha kushika kata ya maji.

Basi mwanangu, elimu yangu ndogo, lakini hili nalijua. Majani manene yakidondoka, shika udongo kabla hujashika maji. Na ukimkosa mtu, sema, wa nyumbani wakusikie. Pengine nao wanamkosa kimyakimya. Mungu akujalie watu wa kuwaita, na kila unayemwita aitike ungali unasikia.