Nilimsugua Hina Mpaka Damu, Yangu Ikiwa Ndani ya Viatu

Admin, naomba ulifiche jina langu. Wasomaji, someni mpaka mwisho kabla ya kuandika lolote, na mtakaponijibu mwandike maneno kamili, kwani vifupisho vyenu sivielewi.

Mimi ni mwanamke wa miaka themanini na mbili, mjane, mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Kilimanjaro lakini nimekulia Kariakoo, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, Gerezani. Tulipanga chumba katika nyumba ya wazazi wa Mwanaidi. Hilo si jina lake halisi. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo. Tulilala mkeka mmoja, tukala sinia moja, na katika miaka ya hamsini tulisoma pamoja darasa la sita, katika shule ya wasichana ambayo sitaitaja. Mwanaidi alikuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Walimu walimwita aandike ubaoni badala yao.

Sheria za shule zilikuwa wazi. Nywele zinyolewe, kucha zikatwe, sketi ifunike magoti, na mapambo yote ni marufuku: bangili, wanja, kipini, hina. Kila Jumatatu tulipanga mstari, tukanyoosha mikono, na mwalimu wa zamu akapita na fimbo yake. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi, na nilijionea fahari sana.

Jumamosi moja dada yake Mwanaidi aliolewa. Mama yangu alikuwa amenionya: "Hina si ya kwetu. Nikikuona nayo nitakuunguza." Hakuwa akitania, nina kovu la kijinga cha moto mkononi kwa kosa dogo kuliko hilo. Mwanaidi alinicheka.

"Basi lete miguu, mwoga we! Nani atakuvua viatu?"

Akanipaka nyayo zote mbili, kwa siri, nyuma ya jiko. Yeye alipakwa na somo wake, kungwi aliyemfunda, viganja vyote mpaka vifundoni.

Jumatatu mwalimu wa zamu, mama mmoja wa bara, aliiona mikono ile. Hina aliijua kwa jina tu, alidhani ni rangi inayotoka kwa maji. Alimchapa fimbo sita viganjani, kisha akanigeukia.

"Kiranja, mpeleke bombani umsugue mpaka itoke. Isipotoka nitajua mnashirikiana, na wewe nitakukagua mwili mzima."

Nilijua kwamba hina haitoki, kwamba huisha yenyewe kadiri siku zinavyopita. Ningeweza kumwambia mwalimu. Lakini angeniuliza nimejuaje. Nikachukua kumbi la nazi na mchanga.

"Taratibu basi, shoga," Mwanaidi alisema, akijaribu kucheka. "Hili sufuria?"

Sikucheka. Nilisugua mpaka ngozi ya viganja ikaanza kuchunika. Akapiga mayowe, akaniuma bega, nami nikampiga kofi akaanguka juu ya karo la kunawia. Ndipo nilipomwona akitazama viatu vyangu. Alivikazia macho, akafumbua kinywa kutaka kusema. Nilinyakua ndoo ya bati nikampiga nayo mdomoni. Jino lilivunjika. Kisha nilivikandamiza vidole vyake kwenye ukingo wa karo, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ukilia, na sikuacha. Maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye mfereji yalikuwa mekundu, na hina ilikuwa palepale.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuja mbio kunivuta. "Basi! Unataka kumuua mwenzio?"

Nyumbani Mwanaidi alisema kwamba mwalimu ndiye aliyemfanyia vile. Mikono ilitunga usaha, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikapona vikiwa vimepinda. Hakushika kalamu tena. Baba yake akamtoa shule. Mama yake aliendelea kunipa maandazi kila asubuhi, nami niliyala. Baadaye mimi nikaandika ubaoni miaka thelathini na minne.

Sasa mjukuu wangu wa kiume anamwoa mjukuu wake. Mambo ya dini wameyamaliza wenyewe. Wajukuu wa Mwanaidi wanaamini alitoroka shule mwenyewe. Wiki iliyopita bibi harusi alikuwa akimsomea kadi ya mwaliko, iliyoandikwa Kiingereza, akamtania: "Bibi mtoro! Ungekaa darasani kama mwenzio, ungesoma mwenyewe." Nyumba nzima ilicheka, na Mwanaidi akacheka kuwazidi. Niliweka kikombe chini.

Nilimfuata uani nikamwambia kwamba nitawaeleza ukweli wote.

"Thubutu!" alisema. "Mtoto huyu akijua, atakanyaga vipi nyumba yenu? Mimi nimenyamaza maisha yangu yote, wewe siku moja tu inakushinda?"

Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. "Siku ile pale bombani ulipovitazama viatu vyangu, ulitaka kuwaambia nini?"

Alishangaa. "Kuwaambia akina nani? Nilitaka kukwambia wewe. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Nikasema kitakuvuka mguuni, waione hina yako."

Tangu siku hiyo silali.

Hina ya bibi harusi ni Alhamisi. Mwanaidi ameagiza tukae pamoja, nipakwe mikono safari hii, mbele za watu. Nikinyamaza, ataitwa mtoro na wajukuu zake mpaka anaingia kaburini. Nikisema, nitakuwa nimemvunjia neno alilonisihi, na pengine nitavunja na ndoa ya watoto wasio na kosa. Nishaurini, ninyi mlio wengi. Je, nimtii Mwanaidi, au niseme? Nawaomba mnijibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu akishika mkono wangu kwa vidole vile na kuunyoosha kwa mpakaji, sijui kama nitaweza kuuacha hapo.