Ati Samaki Lazima Inuke

Kuna maneno niliyoyasikia kwetu Kibomet, pale Kitale, mara nyingi mpaka nikayachukia: "Samaki lazima inuke." Yanasemwa na watu wazima, watu wa heshima, wakiwa wamesimama mbele ya kitu kilichooza. Ukikunja pua unaambiwa hujazoea. Ukinyamaza unapewa sahani. Mimi nilinyamaza, na mama yangu ndiye aliyeumia, akiwa na kidonda tumboni ambacho nyuzi zake zilikuwa hazijatolewa.

Sikuzaliwa nikijua samaki. Nilifundishwa Bumula na mjomba, kaka yake mama, ambaye alichimba kidimbwi nyuma ya migomba akafuga samaki aina ya ngege. Nilipomaliza darasa la nane nilikaa kwake karibu mwaka mzima. Mjomba ni mtu wa maneno machache kama mimi, kwa hiyo tulielewana. Siku moja aliniwekea samaki wawili kwenye beseni. Mmoja alivuliwa asubuhi ile, mwingine alisahaulika kwenye ndoo tangu jana yake.

"Niambie gani ni ya leo," akasema.

Nikaangalia. Mmoja jicho lake lilikuwa limejaa, linang'aa, kama linanitazama. Jicho la mwenzake lilikuwa limezama na lina ukungu. Mjomba akanishika kidole, akanifanya niinue kifuniko cha shavu. Ndani ya yule wa leo palikuwa pekundu. Ndani ya yule wa jana palikuwa rangi ya chai iliyolala. Nikabonyeza mgongo: wa leo nyama ilirudi mahali pake, wa jana alama ya kidole ilibaki.

"Sasa nusa."

Wa leo alinuka maji, na majani mabichi kidogo. Basi.

"Samaki ikianza kunuka samaki," mjomba akasema, "imeshaanza kuwa kitu ingine."

Nilijifunza kuparua magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, nikijihadhari na miiba ya mgongoni. Nilijifunza kupasua tumbo kwa ncha ya kisu, juu juu tu, ili nisipasue nyongo. Mashavu yote ya ndani yanatolewa, damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo inakwanguliwa, kisha unasuuza kwa maji safi na kupika papo hapo, kwa sababu kwetu hakuna friji. Kisu na ubao vinaoshwa kwa sabuni kabla havijagusa sukuma wiki. Samaki hajaiva mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Hayo ndiyo niliyorudi nayo Kitale.

Mwaka uliofuata mama akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Alipotoka hospitali tuliambiwa tumpe chakula laini, na samaki wakatajwa. Shangazi, dada yake marehemu baba, akaja kutoka mji mdogo wa Kwanza kumwuguza. Alikuja na gunia la mahindi na amri zake.

"Wifi, wewe lala hapo. Jikoni niachie mimi."

Watu wa baba walikuja Trans-Nzoia kutoka upande wa kati wa nchi, na zamani kwao samaki hawakuliwa kabisa. Shangazi alionja samaki mara ya kwanza akiwa tayari ana watoto. Simlaumu kwa hilo. Ninamlaumu kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba mtoto anayemtuma kuni anaweza kujua kitu asichokijua yeye.

Samaki wa kwanza alimnunua saa sita mchana, Jumamosi yenye jua kali, akamwacha dirishani ndani ya mfuko wa plastiki mpaka jioni. Nilipofungua ule mfuko, nilirudi nyuma.

"Shangazi," nilisema, sauti yangu ikiwa ndogo hata mimi sikuisikia vizuri, "nafikiri imeharibika."

"Ati nini?"

"Inanuka."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Samaki lazima inuke! Isiponuka basi ni ugali. Leta unga."

Nikaleta unga wa mahindi. Akampaka samaki mzima mzima, akamsugua, akamwosha, akamkamulia ndimu tatu. Ndivyo wanavyofanya wengi hapa. Wanaondoa harufu, kisha wanaamini wameondoa na kilichoileta. Nikawasha moto. Nikapika. Nikampelekea mama, akala akamaliza, akamwambia shangazi, asante wifi.

Kabla hakujapambazuka alikuwa anatapika huku ameshika tumbo kwa mikono yote miwili ili nyuzi zisikatike. Sitaki kuandika sauti aliyokuwa anatoa. Tulimpeleka kliniki akatundikiwa maji. Muuguzi akauliza alikula nini.

"Chakula ya kawaida tu," shangazi akajibu.

Nilikuwa nimesimama pale pale, karibu na mlango. Nilikuwa na mdomo. Muuguzi akaandika, akaenda.

Njiani kurudi shangazi akasema ni zile dawa, zina nguvu sana kwa tumbo tupu. Wiki iliyofuata akasema twende sokoni pamoja, mama anahitaji samaki arudishe nguvu. Nikaenda, nikijiambia kwamba safari hii nitachagua mimi.

Muuzaji alikuwa mama mmoja ambaye husali pamoja na shangazi akija mjini. "Hii imetoka Turkana leo asubuhi," akasema, akimpiga samaki mgongoni kama ng'ombe. Leo asubuhi! Kutoka ziwa la Turkana mpaka Kitale, safari ya siku nzima, na saa nne haijafika! Nikainama. Jicho limezama. Nikabonyeza, shimo likabaki. Nikainua kifuniko cha shavu, nikaona ile rangi ya chai iliyolala.

"We msichana," muuzaji akasema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, "unanunua ama unamtibu?"

"Muulize kama iko na malaria!" mwanamume mmoja akadakia. Watu wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto.

Shangazi akanifinya mkono. "Unaniaibisha. Huyu ni mama wa kanisa." Akanunua yule yule.

Shangazi alipokuwa anafungiwa samaki wake, nilimwona muuzaji akichovya kitambaa kwenye damu ya mbuta, samaki mkubwa aliyekuwa anakatwa mezani, akapangusa mashavu ya ndani ya samaki waliobaki. Yakawa mekundu. Akamwinulia mteja aliyefuata kifuniko, akasema, "Jionee mwenyewe." Hata leo neno hilo, jionee, linanitia hasira. Kile kidogo ambacho mnunuzi anaweza kujikinga nacho, jicho lake mwenyewe, alikuwa amekipaka damu. Kisha Jumapili anaimba.

Nyumbani shangazi akaleta unga, akaleta ndimu. Akasugua. "Washa moto," akasema.

Sikuwasha. Nilichukua beseni, nikatoka nalo mpaka choo cha shimo, nikamwaga yote. Nilipogeuka shangazi alikuwa nyuma yangu.

"Umetupa chakula ya mgonjwa!"

"Ilikuwa imeoza."

"Nani amekufundisha kujibu watu wazima? Huko Bumula?"

"Ilikuwa imeoza, Shangazi. Hata ile ya kwanza. Ndiyo ilimfanya atapike."

Alifungua mdomo. Lakini sauti iliyosikika ilitoka dirisha la chumbani, sauti ya mama.

"Wifi, mwache. Hata ile ya kwanza ilikuwa imeoza."

Shangazi akaenda mpaka pale dirishani. "Sasa kwa nini ulikula?"

"Si ulikuwa umeninunulia," mama akasema.

Shangazi akakaa kwenye ngazi ya jikoni na unga mikononi.

Nilifikiri nitafurahi. Badala yake nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia yule muuzaji. Niliingia chumbani nikafunga mlango.

"Ulijua?"

"Tangu tonge la kwanza. Mimi ni mtu wa Bumula."

"Ungekufa, Mama. Mbona ulikula?"

Alinitazama. "Na wewe, mbona ulipika?"

Tuliitwa watu wenye adabu, mimi na yeye. Adabu gani hiyo, ya kumeza kitu kilichooza ili aliyekuletea asione haya?

Siku ile ile nilimpigia mjomba simu. Asubuhi yake akafika kwa pikipiki, na ngege wanne aliowavua alfajiri, amewafungia kwenye majani ya ndizi pamoja na barafu ya dukani. Shangazi akawafungua mwenyewe. Akanusa. Akanusa tena, akakunja uso.

"Mbona hii hainuki? Imewekwa dawa gani?"

Mjomba alicheka, akageukia ukutani ili asimcheke usoni. Mimi sikucheka. "Shangazi, nusa vizuri," nikasema. "Inanuka nini?"

Akainamisha kichwa. Akanusa. "Maji," akasema.

"Basi."

Niliparua, nikapasua, nikatoa mashavu, nikasuuza. Nilichemsha na nyanya na chumvi kidogo mpaka nyama ikaachana na mfupa. Mama alikula taratibu, akaomba na kichwa, akakinyonya mpaka kikabaki mifupa. Shangazi alimtazama mpaka mwisho.

Kisha nikakaa kando ya kitanda mchana wote nikiiangalia mikono ya mama, kama itaenda kushika tumbo. Haikwenda. Ilibaki juu ya blanketi.