Baridi Isiyoleta Manyunyu

Mimi na mdogo wangu tulikosana kwenye arobaini ya mama, kwa sababu ya shamba la mikorosho. Tangu siku hiyo tulibaki na sababu moja tu ya kuzungumza, upepo wa kusi. Mimi naishi Ruponda, yeye kaolewa Mbekenyera. Mwezi wa sita ufuta unakuwa umekatwa na kusimamishwa shambani ukauke, na baridi ya kusi ikinifikia asubuhi na manyunyu yake, kwake inafika jioni. Ufuta uliokwisha kupasuka ukilowa, mbegu zinakuwa nyeusi na hakuna anayezitaka. Basi nilikuwa nampigia afunike. Alishukuru, akaniuliza hali ya mguu wangu, nami nikauliza wajukuu, mara nusu saa imekwisha. Tangu mume wangu afariki sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye hivyo.

Siku hizi upepo umebadili njia. Bwana shamba alinieleza kwamba baridi ile hutoka kusini ya mbali sana, na upepo ukipita baharini huja na unyevu, lakini ukija kwa upande wa bara unafika mkavu. Mwaka juzi nilimfunikisha ufuta mara tatu bure, mwingine ukavunda ndani ya turubai. Hakunigombeza. Alianza tu kuchelewa kupokea simu.

Mwaka huu mwezi wa sita ulikuwa mkavu kabisa. Siku ya tatu bila kusema na mtu zaidi ya kuku, nilishindwa. Jua likiwa kali, nikapiga simu nikamwambia baridi imeingia, afunike.



“Dada, shemeji yako kapita hapo kwenu leo asubuhi. Kasema hakuna hata wingu. Una nini?”

Nilitaka kumwambia kwamba sijala na mtu tangu Idi, na kwamba shamba la mama achukue lote. Badala yake hasira zangu zikanipanda, mumewe apite mlangoni kwangu asipige hata hodi! Nikamwambia shauri yake, ufuta ni wake, nikakata.

Nilikaa na simu mapajani mpaka jua likazama, nikingoja apige. Miaka yote ile hakuwahi kupiga yeye, maana upepo siku zote ulianzia kwangu.