Zipu Iliyofichuka Katikati ya Grasshopper

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia majirani zangu wa zamani wa Msalato wataitia chumvi mpaka isilike. Miaka ile shule za kulipia za Kiingereza zimeanza kuota Dodoma, nikaitwa kufundisha somo la majaribio, mimi na cheti changu cha kidato cha nne na mtoto anayenyonya (baba yake msiniulize). Nikipita nina kazi, nikishindwa narudi Mvumi kulima uwele kwa mama.

Sketi ya heshima nilikuwa nayo moja, na tangu nijifungue zipu yake ya nyuma ilikuwa haipandi. Nikaona si neno, nitambeba mtoto mgongoni, khanga itafunika.

Mwenye shule, mama wa suti, akakaa nyuma ya darasa pamoja na wazazi. Nikaandika grasshopper, yaani panzi, nikaikata silabi tatu, nikaeleza kwamba sisi tumezoea kukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ila Waingereza wakiunganisha maneno mawili kuwa jina moja, aghalabu hukaza lile la kwanza. Watoto wakanikodolea macho. Basi nikafanya kama kwetu Ugogo, ambako wanawake ndio wapiga ngoma: nikaipiga meza, pigo zito moja, mepesi mawili, na mguu ukaitikia wenyewe. Darasa zima likasimama, mabega yakaanza kucheza, grasshopper, grandmother, nikazidi kukanyaga, nikageukia ubao niongeze neno, hapo khanga ikalegea, mtoto akateleza, nikamdaka kwa mikono miwili na khanga ikaenda chini.

"Ticha, gagulo lako jekundu," akasema binti mmoja wa mbele, kwa upole kabisa.

Wazazi wakacheka hadi machozi. Mama wa suti hakucheka.

"Dada, hapa tunatafuta mwalimu, si mcheza ngoma."

"Sawa, mama. Waulize basi watoto hilo neno."

Akauliza, kwa kunikomoa. Wakalitamka wote, zito mahali pake, mguu chini.

"Tutakuita," akasema, bado anaitazama sketi.

Hawajaniita mpaka leo, na uwele nimelima. Gagulo nililionyesha, sikatai, na wanaotaka kucheka wacheke. Ila nimeapa: sitasimama tena kupimwa na mtu ambaye watoto wanaelewa mbele yake, yeye anakagua zipu.