Mathe na ndege iliyotua jana

Leo mathe ameomba ndege itue salama, na ndege yenyewe ilitua jana!

Mnajua ile game yangu ya kurusha ndege kwa kompyuta? Nilikuwa nimerekodi safari moja, nikamwekea aone Ziwa Elmenteita kutoka juu.

Tukikaribia kutua, upepo ukaanza kuyumbisha ndege. Mathe akafunga macho: "Yesu, shika mtoto wangu!"

"Mum, hiyo ni rekodi. Nilishatua."

"Nyamaza, endesha!"

Chekeni tu, lakini ngojeni.

Ndege ikatua. Mathe akapiga makofi, akamwita jirani yetu, Mama Njeri, naye aone. Nikarudisha mwanzo.

Kufika pale kwa upepo, Mama Njeri akapiga nduru. Mathe hata hakushtuka. Akamshika mkono:

"Tulia. Ni msichana wangu anaendesha."