Bwana Joho Alivyomfukuza Toto

Sisi tuliokulia Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hadithi za picha tulizipata kwa kula karanga. Nisidanganye, watoto wa mitaa mingine sijui walizipataje. Kwetu, Wazungu wa Kiyovu, mtaa wa matajiri, wakihama, vitabu vyao viliishia sokoni, na mama muuza karanga alivichana akasokotea karanga zake. Ukimaliza kutafuna unakunjua karatasi, unapangusa chumvi, unatazama picha. Namba za kurasa zilikatwa au zililowa mafuta, kwa hiyo mwanzo wa hadithi uliweza kuupata leo, na mwisho wake uliutupa wiki iliyopita.

Shujaa wetu alivaa joho jekundu na kurukia mapaa. Tulimwita Bwana Joho. Alikuwa na mwanafunzi wake, mvulana mwenye kinyago, huyo tukamwita Toto. Wote wawili walisema Kifaransa, na Kifaransa chetu kiliishia kwenye salamu. Aliyetusomea ni Dada Mwamini, binti wa shangazi yangu, aliyesoma sekondari miaka miwili kabla ya kurudi kwenye cherehani ya mama yake. Baada ya swala ya alasiri cherehani ilinyamaza, tukajazana kibarazani, naye akageuza Kifaransa kuwa Kiswahili chenye Kinyarwanda ndani yake. Mimi nilikuwa mshika kurasa wake. Sijapata tena cheo kilichonivimbisha kichwa namna ile.

Siku moja tulipata kurasa mbili. Katika moja, Bwana Joho amembeba Toto mabegani, mkono wa Toto unatoka damu. Katika ya pili amemvua kinyago, anamwonyesha barabara. Dada alisoma ya kufukuzwa kwanza, kisha ya kubebwa. Wamepatana! Watoto wakapiga makofi.

Lakini mimi niliona kwamba kwenye ile ya kufukuzwa mkono umefungwa bendeji.

"Dada, umepanga vibaya," nikasema. "Aliumia, akabebwa, akafungwa bendeji, ndiyo akafukuzwa."

"Yooo! Mwalimu ameshindwa na mutoto!" watoto wakacheka.

"Haya, soma wewe," Dada akasema, akaniwekea karatasi mapajani.

Nikazitazama zile herufi. Sikujua hata moja inaanzia wapi.

"Sha, mdogo wangu, mbona husomi?" Dada akauliza.

Kesho yake kurasa alizishika Safina, jirani yetu. Mama aliposikia alisema, "Mkubwa hasahihishwi barazani, anasahihishwa jikoni." Nililia, na hata leo sielewi kama nililia kwa kukosea au kwa sababu nilikuwa na haki.

Nikamfuata Dada jikoni kwao, nikamwomba radhi.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema, anachagua mchele, haniangalii. "Maneno yanasema, 'Wewe si mutoto wangu, rudi kwenu.' Nimusomee hivyo Juma?"

Juma, mdogo kuliko wote pale kibarazani, alikuwa na miaka mitano, analelewa na mjomba wake, na huyo mjomba alishamtishia kumrudisha alikotoka. Nikaamini. Nilipofika nje sikuamini tena, maana hata mtu aliyeshindwa angeweza kusema vile. Kisha nikaona haya kwa kumfikiria hivyo.

Baada ya wiki akaniita, "Njoo ushike." Kurasa alizipanga nilivyosema mimi. Akasoma neno kwa neno, mpaka pale pa "rudi kwenu." Hakuna aliyepiga makofi.

"Kisha anarudi?" Juma akauliza.

Dada akanitazama. "Muulize mushika kurasa."

Nikasema kurasa zimeisha. Juma akaanza kulia.

Siku hizi wanangu wanasoma mashujaa wao kwenye simu, kila mtu na yake, kurasa zinajipanga zenyewe. Wakigombana, wanagombania chaja. Huwa nawacheka, ila niwatendee haki: wao mwisho wa hadithi wanaujua, na hawajamliza mtoto wa mtu ili waonekane wana macho makali. Sisi tulikuwa na mtu wa kutusomea. Sijui kipi ni bora.

Wala sijui kama siku ile Dada alinirudishia nafasi yangu au aliniadhibu. Niliendelea kushika kurasa miezi mingi. Lakini zamani kabla ya kusoma alizoea kuniinamia sikioni na kuuliza, "Tuanze na ipi?" Hakuniuliza tena.