Kibao Nilichokichonga Mwenyewe

Jumamosi, tarehe 9 Aprili. Mvua ya usiku ilikatika kabla ya mapambazuko. Ukungu ukakaa upande wa hifadhi ya wanyama mpaka saa tatu, kisha jua likawaka la kuchoma kama vile masika yamekwisha.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile. Mwaka sikuuandika, nadhani niliona hautasahaulika. Daftari lilikuwa la mwanangu la hesabu, nimeligeuza nyuma mbele, na mwandiko ni wa mtu aliyeishia darasa la saba. Mengine ninayoongeza hapa nayatoa kichwani, na kichwa changu sikiamini sana. Nikikumbuka vibaya, nadhani nakumbuka kwa kujipendelea, kwa hiyo msomaji anipunguzie kidogo.

Tulikuwa tumerudi Robanda, kijijini kwa mama yangu, mwaka mmoja tu uliopita. Kabla ya hapo niliishi Nyamongo na mume wangu, miaka ile ya dhahabu, wakati kila mwenye nguvu na hata asiye na nguvu alikimbilia kule. Yeye alishuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo, na mimi nikapika ugali na maharage ya kuuza kwenye kibanda cha maturubai. Dhahabu siwezi kuitukana yote. Bati la nyumba ya mama yangu lilitoka huko. Lakini binti yangu alizaliwa huko pia, nyuma ya kile kibanda, katikati ya Wakurya, Wajaluo, Wasukuma na watu wa mikoa ambayo sikuijua hata kwenye ramani, na wote walimbeba na kumbembeleza kwa Kiswahili. Na mimi nikamlea kwa Kiswahili. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nachoka, na Kiswahili kilikuwa kimeshakaa mdomoni tangu asubuhi kwa ajili ya wateja.

Mama alipoanza kuugua miguu, nikarudi na mtoto akiwa na miaka kumi. Mama alikuwa anaongea Kiikoma, lugha ya kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani: chumvi, bei gani, kesho, basi. Yeye na mjukuu wake walikaa jikoni kama watu wawili waliokutana zahanati, kila mmoja akisubiri kuitwa. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake kitu, alinigeukia mimi.

Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka kabla mama hajaondoka duniani, waweze kuongea wawili wao bila mimi kusimama katikati.

Januari akaja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kanada, amefikia kwenye nyumba ya walimu, anazunguka vijijini kuuliza watu wanavyozitunza lugha zao ndogo. Kiswahili alikuwa amejifunza chuoni, akakisema kwa utaratibu kama anasoma risala. Hakuwa mzungu. Alikuwa mweusi wa maji ya kunde, nywele zimenyooka mpaka kiunoni.

"Shikamoo, bibi," akamwambia mama.

"Marahaba," mama akaitikia, halafu akaniuliza kwa Kiikoma, "Huyu ni Msomali au Mhindi?"

Nikamwambia ni wa wale waliokuwepo kule kabla wazungu hawajafika.

"Kumbe na kwao walifika," mama akasema. "Mwambie pole."

Mgeni alipoelezwa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha machozi yakamlengalenga. Akatuambia kwao wanaongea Kikrii, lugha ya ukoo mkubwa ambao wasomi wanauita Kialgonkwini. Aliniandikia neno hilo daftarini ili nisilipoteze. Alisema ndani ya ukoo huo lugha nyingine bado zina watu wengi, nyingine zimebaki na wazee wa kuhesabika kwa vidole, na kuna moja iliyokaa kimya miaka mingi mpaka wajukuu wakaanza kuitafuta kwenye karatasi za zamani na kuisema tena. Kwao hawasemi lugha imekufa. Wanasema imelala. Alisema pia kuna hadithi ambazo wazee wake hawazisimulii mpaka theluji ianguke. Mama akapiga paja akasema hao ni watu wenye adabu, kwa sababu hata yeye hakukubali kusimulia hadithi mchana watu wakiwa na kazi.

Siku nyingine mgeni alinieleza habari za mama yake. Alichukuliwa akiwa mdogo kupelekwa shule ya bweni, na kila aliposema neno la kwao aliwekewa sabuni mdomoni. Akakua, akazaa, na hakumfundisha mtoto wake hata salamu, kwa kuogopa kwamba naye atalishwa sabuni. Mgeni alikuja kujifunza ukubwani, kwa dada mkubwa wa mama yake, wakikwangua pamoja ngozi ya mnyama wao wa porini, mkubwa kama pofu wa hifadhini kwetu. Nilimlilia yule mama yake nisiyemjua. Nililia kweli, mpaka mgeni akawa ndiye anayenibembeleza.

Kisha akatuonyesha kazi yenyewe inavyofanywa kwao. Mzee mmoja, mwanafunzi mmoja, kazi moja ya mikono, na saa za kutosha ambazo haisemwi lugha nyingine.

"Usitafsiri," akaniambia. "Usimkosoe mtoto. Akisema vibaya, bibi atarudia vizuri, basi. Na wewe, samahani dada, utoke jikoni."

Nikatoka. Nilikaa nje nachambua mchele nisioupika, nasikiliza.

Wiki zile zilikuwa nzuri, siwezi kuzipunja. Mama alimtuma ungo, mtoto akaleta jembe. Mama akalipokea kwa heshima, akajifanya anapepeta mtama kwa jembe, anapuliza makapi.

"Mke mwenzangu," akamwambia kwa Kiikoma, maana kwetu bibi humtania mjukuu wa kike hivyo, "mume wetu utamlisha chuma?"

Mtoto hakuelewa, akacheka kwa sababu bibi anacheka. Baada ya siku chache aliulizwa tena habari za mume wetu, akajibu mwenyewe kwamba mume wetu hana meno, ale uji. Mama aliniita kwa sauti nije nisikie. Mpaka Februari inaisha mtoto alikuwa anajua kuwaita ng'ombe kwa rangi zao, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalisahau nusu.

Mgeni akaondoka. Machi mtoto alibanwa na shule, akirudi jioni yuko na wenzake, na Kiswahili kikarudi nyumbani naye. Kisha dereva wa lori akaniletea ujumbe wa mume wangu: mvua zikiisha atakuja kumchukua mtoto akasome Nyamongo. Kusema haki, hakuwa na nia mbaya. Mtoto alikuwa wake pia, na alikuwa hajamwona mwaka mzima.

Lakini mimi nilianza kuhesabu wiki, na zilikuwa chache. Hofu ikanishika, na nilipotafuta akilini namna ya kumfundisha mtoto lugha haraka, nikakuta ninajua njia moja tu.

Nilipokuwa darasa la pili, anayesikika akisema kilugha alivalishwa kibao shingoni, kipande cha ubao chenye kamba. Alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake anasema kilugha, ndipo amvalishe. Saa ya kutoka, mwenye kibao alichapwa. Nimewahi kukivaa wiki nzima. Walimu sitawasema vibaya; walikuwa wageni, wanafuata waliyoagizwa, na sasa hivi naandika kwa Kiswahili hichohicho walichonipa. Hapo ndipo lilipo tatizo langu. Kibao kilifanya kazi. Kiswahili nilikijua.

Nilichukua kipande kilichobaki fundi alipotengeneza mlango, nikakilainisha kwa kisu, nikakitoboa kwa msumari wa moto. Mama sikumweleza. Mtoto nilimwambia, "Nyumba hii sasa ni Kiikoma tu. Ukisema Kiswahili, kibao chako. Ukimsikia mwingine anasema, chake. Jioni mwenye kibao ana fimbo mbili."

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi."

Lakini mimi nilijichunga. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jioni nilimchapa fimbo mbili za miguuni, si za nguvu, ingawa sijui aliyepigwa angesemaje. Ijumaa alinyamaza kutwa. Hakusema Kiswahili, hakusema Kiikoma, alitumia kidole. Nikajiambia anajifunza. Ule mkono uliofuta machozi kwa ajili ya mtoto wa watu wa Kanada ndio ulioshika fimbo, na nakiri kwamba mambo hayo mawili hayakunijia pamoja hata kidogo.

Jumamosi tulitoka kupalilia mtama, tukarudi saa tano jua likichoma. Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anachambua mgagani. Asubuhi ile mtoto alikuwa ameteleza kwa neno moja la Kiswahili, kwa hiyo kibao kilikuwa shingoni.

"Hicho ni nini alichovaa mke mwenzangu?" mama akauliza.

"Ni mambo ya shule tu, mama."

Hakuniamini. Akamgeukia mtoto, akamuuliza yeye. Na mtoto akamjibu, kwa Kiikoma cha kupindapinda, akisimama kila baada ya neno:

"Hiki ni kupigwa. Nikisema Kiswahili, ni changu. Mwingine akisema, ni chake. Jioni mama anampiga mwenye nacho."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia bibi yake bila kusaidiwa. Na kitu cha kwanza nilichosikia moyoni, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha. Nilisikiliza jinsi alivyoyapanga. Alichokisema kilinifikia baadaye.

Mama aliendelea kuchambua majani mpaka fungu likaisha. Kisha akainua uso, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya shamba:

"Mimi nataka chumvi!"

Mtoto akashtuka.

"Chumvi! Bei gani! Kesho! Basi! Mimi nasema Kiswahili!" Akayamaliza yote ya mnadani aliyokuwa nayo, akainamisha kichwa. "Leta."

Mtoto akanitazama mimi, akamtazama bibi. Akavua kamba taratibu, akamvalisha bibi yake juu ya shanga.

"Mama, vua," nikamwambia kwa Kiikoma. "Ni mchezo wa watoto."

"Hapana vua," akanijibu kwa Kiswahili. "Jioni bado."

Alikaa nacho kutwa. Jirani alipita kuomba moto, akakitazama, akachukua kaa lake akaenda. Kila nilipomsemesha mama kwa lugha yetu, alijibu kwa yale maneno yake machache, na pale maneno yalipomwishia alirudia yaleyale. Jua liliposhuka akachukua fimbo pale nilipoichomeka kwenye nyasi za paa la jiko, akaniletea mwenyewe, akanipa mgongo na kuinua khanga kidogo. Ile miguu iliyokuwa inavimba, iliyonirudisha nyumbani.

"Piga."

Nilikivua kibao shingoni mwake nikakitia motoni. Nikapiga magoti. Nikamwambia nimekosa, turudi kama zamani, nitatoka tena jikoni.

Hapo ndipo aliponijibu kwa Kiikoma. "Uliporudi kutoka shule umevimba miguu nilinyamaza, kwa sababu nilidhani mwalimu anajua. Leo mwalimu ni wewe. Mimi lugha yangu haitampiga mtoto huyu."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Hazikuwa hasira. Kuanzia hapo mimi aliniongelesha kama kawaida, ila mtoto alimpa Kiswahili tu. Alijifunza na mapya, akiniuliza mimi: mlango unaitwaje, usingizi unaitwaje. Mtoto mwenyewe alimjaribu siku moja, akamwomba maji kwa Kiikoma safi. Mama akampa maji, akasema, "Kunywa, mtoto." Mvua zilipokwisha baba yake akamchukua. Siku ya kuagana waliongea wenyewe, bila mimi katikati, kama nilivyotaka, kwa maneno labda kumi. Mama alifariki kabla ya mavuno mengine. Binti yangu sasa ni mtu mzima huko Nyamongo, ana watoto, na Kiikoma hana. Sijui kama bila kibao angekuwa nacho. Huenda Nyamongo ingekifuta hata hivyo. Nasema hivyo ili niwe mkweli, nisije nikajipa hata kosa lisilo langu.

Mgeni aliniandikia barua mara moja, akiuliza bibi na mjukuu wamefikia wapi. Nilimjibu kwamba bibi amezeeka na amechoka. Ulikuwa uongo, na niliuandika kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chote nilichowahi kuandika.

Jioni ile ya tarehe 9 tulikula ugali wa mtama na mgagani wa maziwa. Mama na mtoto walikula sahani moja. Mimi nilikula uliobaki kwenye sufuria.